Subira ya Upelelezi: Ubora na Upungufu wa Riwaya ya *Roseanna*

Utangulizi

Makala hii inaichambua *Roseanna*, riwaya ya Maj Sjöwall na Per Wahlöö iliyotoka Sweden mwaka 1965, ya kwanza kati ya kumi walizoandika pamoja kuhusu mpelelezi Martin Beck. Hoja yangu ni kwamba riwaya hii inang'ara pale inapoiacha kazi ya polisi iende kwa mwendo wake, na inayumba pale inapokata njia.

Ubora

Wasomaji wa Mohamed Said Abdulla wamemzoea Bwana Msa, anayefumbua mafumbo kwa akili zake mwenyewe. Beck si wa aina hiyo. Ana mafua, tumbo linamsumbua, na hafiki popote bila wenzake: Kollberg, Melander asiyesahau kitu, na Ahlberg wa mji wa Motala.

Mwili wa mwanamke umeopolewa katika mfereji wa Göta, na kwa muda mrefu hata jina lake halijulikani. Jibu kuhusu jina hilo linapotoka Marekani, inabainika kuwa alisafiri kwa meli ya watalii. Waliokuwamo ni watu 85, na sasa wametawanyika.

Hapo ufundi wa waandishi unaonekana. Polisi wanawaomba abiria picha na filamu walizopiga safarini. Beck anaitazama filamu ya mtalii mmoja, akimtafuta marehemu kwenye sitaha na mwanamume aliye karibu naye. Msomaji naye anakodoa macho. Kidogo kidogo, maiti isiyo na jina inakuwa Roseanna McGraw, mkutubi wa Lincoln, Nebraska, mtu mwenye hiari na tabia zake. Utaratibu wa polisi, ambao ungeweza kuchosha, ndio unaomrudishia utu.

Upungufu

Kwanza, ushahidi unapokwama, askari wa kike anafanywa chambo cha kumnasa mshukiwa, na wenzake wanachelewa kumwokoa. Sura hizo zinatia hofu, lakini zinaidhoofisha riwaya. Kitabu kilichotufunza kuheshimu ushahidi kinaishia kwa kumchokoza mtu ili atende tena. Kimaadili, uamuzi huo ulistahili mjadala mpana zaidi.

Pili, chimbuko la uovu wa muuaji linaelezwa kwa haraka mno, ilhali marehemu alichunguzwa kwa makini.

Tatu, mke wa Beck amechorwa kama mlalamikaji tu. Ndoa inayozorota ina pande mbili. Sisi tunaonyeshwa mmoja.

Hitimisho

Mwaka huohuo wa 1965, Faraji Katalambulla alichapisha *Simu ya Kifo*; kwa hiyo riwaya ya upelelezi si ngeni kwetu. Napendekeza waandishi wetu walitazame jalada la kesi kama chemchemi ya kisa: maelezo ya shahidi yanayogongana, ripoti ya daktari inayochelewa, mpelelezi anayerudi nyumba ileile kuuliza upya. Na kesi iliyojengwa kwa ushahidi imalizwe kwa ushahidi, hata kama mwisho wake hautakuwa na kishindo.