Benchi Lako Linabeba Kilo Ngapi?

Msikilizaji unayenyanyua vyuma nyumbani, benchi lako limeandikwa kilo 150? Hizo ni pamoja na mwili wako. Ukiwa na kilo 80, zimebaki 70. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume peke yake ni 20, basi sahani zisizidi 50.

Na ninyi wa makopo ya zege, maana ndio wengi mitaani: lita moja ya zege ni takriban kilo 2.4. Kopo la rangi la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10. Lipime kwa mizani, usikisie.

Kisha inama uchungulie chini ya benchi. Ukiona ufa palipochomelewa, au mguu unacheza, usililalie. Mwite fundi.