Kinu Tukijenge Wapi, na Lini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Siku ya sikukuu watu hupenda kusikia maneno matamu, nasi hatupendi kuwanyima. Miaka kumi si haba. Wazee waliomo humu wakumbuka kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na kwamba ilibidi ingojwe sheria ya mwaka 1982 ndipo njia ya kuvirudisha ifunguliwe. Chama kikiweza kutimiza miaka kumi hali daftari zake zasomeka na wanachama wake wangali wakikutana, hiyo ni sababu ya kutosha ya kumshukuru Mungu na kushukuriana.

Lakini Bodi haikutuagiza tulete shukrani tu. Imetuagiza tuseme juu ya kinu cha kukamulia alizeti. Wanachama wengi wataka Chama kijenge kinu kikubwa, na kila upande wataka kijengwe kwake. Wa Iramba wataja Kiomboi na Shelui. Wa Mkalama wataja Iguguno na Nduguti. Wa Ikungi wasema Puma. Na wa Manyoni watukumbusha kwamba reli kuu yapita kwao. Kila mmoja ana hoja, wala hatukuja kumkemea mtu. Tumekuja kuomba kwamba kabla ya kuuliza kinu kikae wapi, tujiulize kitakula nini.

Tuanze na habari ya jirani. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya vita. Bwana Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever, mtengenezaji wa sabuni, na wakati huo wa siagi ya mimea pia, anayejulikana dunia nzima, alipeleka shauri kwa serikali yake kwamba karanga zilimwe Tanganyika kwa matrekta. Ukatumwa ujumbe, ukapita sehemu kubwa ya nchi kwa ndege kwa muda wa majuma machache, ukarudi na hesabu ya ekari 3,210,000. Mahali pa kuanzia pakachaguliwa Kongwa, nchi ya Wagogo, ambayo haiko mbali nasi.

Mwisho wake wajulikana. Mvua ya Kongwa haikutosha, na udongo wake ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, hata karanga hazikung'oleka. Matrekta mengi yalikuwa yamekwisha kutumika kwingine, na vipuri havikupatikana kwa wakati. Bandari na reli zikalemewa na mizigo. Hata alizeti ilijaribiwa huko, nayo ikakutana na ukame. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyofutwa ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Huko kusini reli iliyojengwa kutoka upande wa Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa katika miaka ya 1960, kwa maana haikuwa na mzigo wa kuchukua.

Wala tusidhani kwamba mambo ya namna hiyo yalikuwa ya Kongwa na Nachingwea tu. Katika miaka ya 1930 palijengwa reli kutoka Manyoni kupita Singida mpaka Kinyangiri, ambako leo ni Wilaya ya Mkalama. Katika miaka ya 1940 reli hiyo ikang'olewa. Singida ilingoja miaka mingi kabla ya kuona tena gari la moshi likitoka Manyoni. Mataruma na vyuma havileti mzigo. Mzigo ndio uwekao reli, na mbegu ndizo ziwekazo kinu.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kinu chetu chaweza kukamua tani 20 kwa siku. Kikifanya kazi siku 300 kitahitaji tani 6,000 za mbegu. Tuseme pia kwamba gharama zisizopungua hata kinu kikilala, yaani riba ya mkopo, mshahara wa fundi, mlinzi na bima, ni shilingi milioni 180 kwa mwaka. Mbegu zikitimia tani 6,000, kila kilo itabeba shilingi 30 za gharama hizo. Lakini vyama vya msingi vikileta tani 1,500 tu, kinu kitafanya kazi siku 75, na kila kilo itabeba shilingi 120. Tofauti ni shilingi 90. Mkulima aliyeleta magunia kumi ya kilo 60 atakuwa amelipa shilingi 54,000 ili kinu kipate kulala usingizi siku 225. Fedha hizo hatazitoa mfukoni kwa mkono wake. Zitakatwa kimya katika bei, naye atauliza kwa nini mchuuzi wa njiani alimshinda mwenye kinu.

Ndugu wanachama, makampuni makubwa nayo yamejifunza hesabu hii kwa uchungu. Unilever hiyo hiyo, mwaka 2000, ilitangaza kwamba itapunguza majina ya bidhaa zake kutoka 1,600 hata kufikia 400, na kwamba viwanda vyake vipatavyo 100 vitafungwa au kuuzwa. Viwanda hivyo havikujengwa na wapumbavu. Vilikuwa vingi kupita kazi iliyokuwapo, na kila kimoja kilikula gharama yake. Ikiwa tajiri wa dunia aona haya ya kulisha viwanda visivyoshiba, sisi wenye jembe na ng'ombe yatupasa tuone haya mara mbili.

Sasa tuitazame alizeti yenyewe, maana kila mazao yana tabia yake njiani. Alizeti ni nyepesi, na maganda yake yajaza nafasi. Gunia linalochukua kilo 100 za mahindi halichukui alizeti zaidi ya kilo 60 hivi. Basi lori lenye magunia 100, ambalo kwa mahindi lingebeba tani 10, kwa alizeti halizidi tani 6 hivi, na mwenye lori hukodisha safari, hakodishi uzito. Tena kama katika kila gunia mna kilo 5 za mchanga na mapepe, lori hilo limesafirisha nusu tani ya takataka kwa fedha ya mkulima.

Jambo la pili ni mashudu. Katika vinu vidogo vya kukamua, mafuta yatokayo ni kama robo ya uzito wa mbegu, au kupita kidogo. Kilichobaki, kilicho kingi, ni mashudu. Mbegu zikipelekwa Dar es Salaam, mwendo wa kiasi cha kilomita 700, mashudu hubaki huko, nasi twayahitaji hapa kwa ng'ombe wetu na kwa kuku wetu wanaosifiwa nchi nzima. Kwa hiyo hatuna shaka kwamba alizeti ya Singida ikamuliwe Singida. Katika hilo wilaya zote zina haki. Shauri lililobaki ni mahali gani ndani ya mkoa, na wakati gani.

Mahali hapachaguliwi kwa kelele wala kwa ukubwa wa kijiji. Tuseme tuna maghala matatu katika njia moja. La kwanza lakusanya tani 600, la pili tani 500, la tatu tani 400. Kutoka la kwanza mpaka la pili ni kilomita 40. Kutoka la pili mpaka la tatu ni kilomita 30. Zidisha tani kwa kilomita. Kinu kikiwa kwenye ghala la kwanza, lenye mbegu nyingi kuliko yote, jumla ni 48,000. Kikiwa kwenye la tatu, ni 57,000. Kikiwa kwenye la pili, ni 36,000. Ghala la pili si kubwa kuliko yote, lakini ndilo lenye safari ndogo kwa watu wote. Hesabu hii yaweza kufanywa na katibu yeyote mwenye kalamu na daftari, kisha aongeze habari za umeme, maji, na barabara isiyokatika wakati wa masika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; nasi twaongeza kwamba kinu bila daftari hujengwa pasipo mahali pake.

Basi shauri letu ni hili.

Kwanza, kwa misimu mitatu ijayo tusijenge kinu. Katika mkoa wetu vipo vinu ambavyo mbegu huviishia kabla mwaka haujaisha. Tukodi siku zao kwa mkataba ulioandikwa, wenye kutaja kiasi cha mafuta na mashudu tutakachorudishiwa kwa kila tani.

Pili, fedha tulizoziweka zijenge maghala katika vituo vya kukusanyia. Kila ghala liwe na mizani iliyokaguliwa, chekeche za kupepetea, na maturubai ya kuanikia, ili mbegu zisiingie na unyevu unaopita sehemu 9 katika 100. Takataka zibaki kijijini.

Tatu, tutumie barabara kama watu wenye macho. Singida yakaa penye njia panda, ya Dodoma na Mwanza, na ya Babati mpaka Arusha. Malori mengi yaliyopeleka shehena Mwanza, Rwanda na Kongo hurudi pwani yakiwa matupu. Mafuta yetu yakiwa tayari ghalani, tutaweza kupatana na lori linalorudi, badala ya kuita lori lije kwa ajili yetu tu.

Nne, vyama vya msingi vikileta tani 4,000 au zaidi kwa misimu mitatu mfululizo, Bodi iitishe mkutano kama huu, ilete hesabu ya tani na kilomita, na kinu kijengwe pale hesabu itakapoonyesha, hata kama si kwetu sisi tunaosema leo.

Twajua litakaloulizwa. Je, tukikodi kinu cha mtu, hatutakuwa mikononi mwake? Tutakuwa mikononi mwake ikiwa mbegu ziko juu ya lori mlangoni pake. Zikiwa ndani ya ghala letu, kavu na safi, twaweza kungoja juma moja au miezi miwili. Mwaka 2022 vita vya Ukraine, nchi iliyo miongoni mwa wakuzaji wakubwa wa alizeti duniani, vilipandisha bei ya mafuta kila mahali. Na mwaka 2023 wakulima wa nchi yetu waliona bei ikianguka. Bei hizo hatuzitawali, maana hata mafuta mengi tulayo nchini huja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Tunaloweza kulitawala ni mlango wa ghala. Mkulima mwenye ghala huchagua siku ya kuuza. Asiye nalo huchaguliwa.

Twakiri pia kosa letu. Sisi viongozi tumezoea kuonyesha kazi kwa majengo yanayoonekana kutoka barabarani. Kinu chenye bomba refu chapendeza katika picha ya kitabu cha kumbukumbu kuliko chekeche na mizani. Lakini wanachama hawakutuchagua ili tupigwe picha. Walituchagua ili shilingi ya alizeti ifike nyumbani ikiwa nzima kadiri iwezekanavyo.

Mwenyezi Mungu akitujalia kukutana tena baada ya miaka kumi mingine, na twataraji hivyo, tungependa mtu asimame hapa aseme kwamba kinu kipo, kinafanya kazi mwaka mzima, na hakuna mwanachama anayeuliza kwa nini kilijengwa pale kilipo. Siku hiyo itakuja upesi zaidi ikiwa leo tutakuwa na subira. Shauri hili twaliweka mbele yenu, Bwana Mwenyekiti, ili mkutano ulijadili na kuamua kwa kura.