Msituambie "Tulieni" Peke Yetu

Msikilizaji, tangazo la wiki hii umelisikia, linasema hivi. Wakaazi wa Nakuru wadumishe amani, wawe watulivu, wasijibizane kwa hasira, uchaguzi wa Agosti 2027 usije ukawakuta wameshikana mashati. Ni maneno mema, na kituo hiki hakiyapingi. Kinachotukera ni kwamba kila mwaka maneno hayo huambiwa mtu yuleyule. Tulieni, anaambiwa mama mboga. Tulieni, anaambiwa abiria. Tulieni, anaambiwa kijana wa bodaboda. Anayewachokoza haambiwi kitu.

Tazama yanayotokea katikati ya mji. Askari wa kaunti, hawa tunaowaita kanjo, wanateremka garini. Mmoja anakamata kreti ya nyanya, mama mwenyewe anaing'ang'ania upande wa pili. Nyanya zinamwagika, zinakanyagwa. Mama anapiga mayowe, anatukana, anamshika askari shati. Hapo ndipo kesi inapogeuka. Dakika moja iliyopita swali lilikuwa: nyanya hizi zinachukuliwa kwa sheria gani? Sasa swali ni: kwa nini mama huyu anapigana na askari? Kifungu cha 95 cha Kanuni ya Adhabu kina shtaka lililo tayari, la kuzua vurugu, na adhabu yake inaweza kufika miezi 6 gerezani. Mdai amekuwa mshtakiwa. Habari ya nyanya imekwisha.

Mkorofi anaijua njia hiyo vizuri. Anakuchokoza ili uwake, na ukiwaka umemsaidia kazi.

Lakini tusidanganyane kwamba dawa ni kunyamaza. Mama huyohuyo anaweza kuiachilia kreti bila kuiachilia haki yake. "Afande, unaitwa nani? Nimevunja sheria gani? Kama unachukua nyanya zangu, nipe karatasi inayosema umechukua nini na nitazifuata wapi." Aseme hivyo kwa sauti ya kawaida. Atafokewa. Arudie maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Atafokewa tena, na pengine kreti itaenda. Hata hivyo arudie, na jirani wa kibanda cha pili aandike nambari ya gari. Mikono itatetemeka, koo litakauka, na si ajabu machozi yakamlenga. Kurudia neno bila kupandisha sauti ni kazi nzito kuliko kutukana, na mtu huizoea kabla ya siku ya mkasa kufika.

Na hiyo si fadhila anayoomba. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na utawala bila kucheleweshwa na kwa kufuata sheria. Uamuzi wa afisi ukimdhuru, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge lilitunga sheria ya kuitekeleza haki hiyo mwaka 2015. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu upesi, kwa lugha anayoielewa. Lugha anayoielewa, msikilizaji! Ni mabaraza mangapi ya chifu umehudhuria ukasikia hayo yakisomwa? Linalosomwa ni lile moja: tulieni.

Ni vivyo hivyo ndani ya matatu ya Molo, makanga anapopandisha nauli katikati ya safari kwa sababu mvua imeanza. Abiria mmoja akifoka, anateremshwa kwenye matope. Abiria kumi wakisema kwa upole, "Tulikubaliana nauli pale stejini, na hiyo ndiyo tutakayolipa," hakuna wa kuteremshwa.

Mji huu una mfano wake wa mtu asiyefoka wala kunyamaza. Agosti 12, 1963, katika ukumbi wa mji hapa Nakuru, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu, alisimama mbele ya mamia ya masetla. Wengi wao walimchukia. Gavana wa kikoloni, Patrick Renison, alikuwa amemwita kiongozi wa kuwapeleka watu kwenye giza na mauti, na Kenyatta mwenyewe alikuwa amekaa kifungoni na kizuizini tangu 1952 hadi 1961. Hakuwatukana, wala hakuwabembeleza. Aliwaambia mateso yake ameyaacha nyuma, wanaotaka kubaki wabaki walime. Aliongea kama mkuu wa serikali, na wao wakamsikiliza hivyo. 

Jinsi mashamba ya masetla yalivyogawanywa baadaye ni kidonda kingine, na Bonde la Ufa linakiuguza hadi leo. Hicho ndicho kidonda tulichoambiwa tukinyamazie. Mapigano ya Molo 1992, tulikuwa tumeambiwa tulieni. Mapigano ya Njoro, Januari 1998, tulikuwa tumeambiwa tulieni. Januari 2008, Nakuru na Naivasha ziliwaka, na Tume ya Jaji Philip Waki ikahesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu waliofundishwa kumeza, siku wanapotapika hawachagui wa kumtapikia, na aliyeumia alikuwa jirani, asiyemnyang'anya mtu shamba.

Tume ya Uwiano na Utangamano iliundwa kwa sheria ya 2008, kwa sababu ya damu hiyo. Basi isije kutuonya tu. Iwaonye wanaofoka kwenye madirisha ya afisi. Iwaonye wanasiasa wanaopanda majukwaani kutaja kabila la mtu. Waambieni wao pia: tulieni!

Nawe msikilizaji, usingoje. Wikendi hii, kaeni kwenye chama, kaeni stejini, kaeni kanisani baada ya ibada, mfundishane maneno matatu: unaitwa nani, nimekosa nini, niandikie. Wafundisheni vijana wa bodaboda. Wafundisheni mabinti wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Naivasha. Mtu akikufokea, usimpe hasira yako, na usimpe kimya chako. Simama hapo, uliza. Akikupuuza, uliza tena. Akikufukuza leo, rudi kesho na shahidi. Wala usiondoke mbele ya dirisha la afisi mpaka jina la anayekufokea uwe umeliandika.