Mwaka 1890: Hati Mbili na Kisiwa cha Mawe
(Maneno yaliyosemwa Tunguu mbele ya masheha, walimu na wenyeji)

Tumeombwa tuseme habari za kale, nasi tumechagua mwaka mmoja tu, mwaka 1890, maana karatasi zilizoandikwa mwaka huo ziliamua maisha ya babu zetu kwa muda mrefu.

Mwaka huo ulianza kwa msiba. Katika mwezi wa Februari alifariki Seyyid Khalifa bin Said, na ndugu yake, Seyyid Ali bin Said, akakalia kiti. Siku hizo Wadachi walikuwa wamekwisha kuishika Mrima kwa nguvu, na Abushiri bin Salim alikuwa amenyongwa Pangani katika Desemba 1889. Waingereza na Wadachi walikuwa wakigombea nchi za Afrika ya Mashariki, hata wakaona heri wapatane.

Katika Juni Seyyid Ali aliikubali himaya ya Waingereza. Kisha, tarehe 1 Julai, mabwana wanne walitia sahihi mkataba mjini Berlin, wawili wa Kidachi na wawili wa Kiingereza. Wadachi waliacha madai yao ya Witu, wakaikubali himaya ya Waingereza juu ya Unguja na Pemba. Nao wakapewa Heligoland, kisiwa cha mawe mekundu katika bahari ya kaskazini ya Ulaya, ambacho eneo lake halifiki maili moja ya mraba. Wafaransa nao waliridhia katika Agosti, na Waingereza wakawakubalia himaya yao juu ya Bukini. Pwani ya Mrima, iliyokuwa mali ya Seyyid, ikachukuliwa na Wadachi kwa malipo ya maki milioni 4.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mezani pale Berlin hakuwapo Mwarabu, wala Mshirazi, wala Mhadimu, wala mtu wa Heligoland.

Sasa mtusikilize vema, maana hati ya pili iliandikwa hapa hapa kwetu. Tarehe 1 Agosti Seyyid Ali alitoa amri kwamba tangu siku hiyo ni marufuku kuuza wala kununua mtumwa, na nyumba za madalali wa watumwa zifungwe. Tena iliandikwa kwamba mtumwa akileta fedha ya haki aweza kujikomboa. Fikirini furaha ya mtu aliyekuwa akichuma karafuu za bwana wake mwaka hata mwaka, aliposikia maneno hayo!

Lakini wenye watumwa walinung'unika. Tarehe 20 Agosti, kabla mwezi haujaisha, likatoka tangazo jingine kwamba mtumwa akileta fedha, bwana wake halazimishwi kuipokea. Basi mlango uliofunguliwa ukarudishwa. Yule aliyekwisha kuhesabu akiba yake alibaki nayo mkononi, asiweze kununua nafsi yake kama bwana hakutaka. Ikapita karibu miaka saba, hata tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alipoamuru mahakama zisiutambue tena utumwa. Hata hapo masuria walitengwa, wakangoja mpaka mwaka 1909. Na himaya iliyoandikwa mwaka 1890 ilidumu mpaka tarehe 10 Desemba 1963.

Mabwana, hatukusema haya ili kuamsha chuki za zamani. Twataka mjue kwamba karatasi moja yaweza kumfungua mtu, na karatasi ya pili ikamfunga. Kwa hiyo, Sheha akiletewa hati inayohusu ardhi au haki za watu wake, aulize ni nani walioketi ilipoandikwa. Naye mwalimu awasomee watu hati yote hata neno la mwisho, kisha awaulize kama wamefahamu. Aliyesikia nusu ya amri ya Agosti alidhani amepata uhuru.