MASOMO YA MUHULA WA PILI KATIKA SEKONDARI MSINGI
Mazungumzo kwa Wazazi wa Kipsongo, Kitale



Kila mwaka mwezi wa Mei ufikapo, mahindi yaliyopandwa katika Trans Nzoia wakati wa mvua za kwanza huwa yanadai jembe. Magugu hayangojei mtu. Wenye mashamba hutafuta vibarua, na watu wengi wa Kitale huondoka alfajiri kwenda kupalilia. Wakati huo huo muhula wa pili wa shule unaendelea, maana huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha karibu na mwanzo wa Agosti. Kwa hiyo katika nyumba nyingi swali moja hurudi kila mwaka: je, kijana wa Gredi ya Saba au ya Nane aende darasani, ama aende shambani siku chache ili unga upatikane?

Mzazi aulizaye hivyo hastahili kulaumiwa upesi. Wazee wengi wa Kipsongo wana asili ya Turkana; walihama kwao kwa sababu ya ukame na wizi wa mifugo, wakaja Kitale bila shamba wala ng'ombe. Mtu anayeishi kwa kibarua cha leo hawezi kupuuza mshahara wa leo. Walakini yafaa kila mzazi ajue ya kwamba hesabu ya shule imebadilika, na siku ambayo zamani ilipotea bila hasara kubwa, leo inaweza kupotea pamoja na alama za mtoto.

HESABU YA ZAMANI

Katika miaka ya 1950, baada ya taarifa ya tume ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika katika Kenya alisoma shule ya msingi miaka minne, kisha akafanya mtihani. Aliyefaulu aliingia shule ya kati, akasoma miaka minne mingine, na mwisho wake akakutana na mtihani mwingine wa kumpeleka sekondari. Watoto wengi waliishia darasa la nne, wakarudi nyumbani.

Baadaye mipango ilibadilishwa mara kadhaa. Mwaka 1985 ulianza utaratibu wa miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Mtihani wa kumaliza darasa la nane, yaani K.C.P.E., ulianza mwaka huo, na ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Taratibu hizo zilitofautiana kwa mengi, lakini zilifanana kwa jambo moja: mlango ulikuwa mmoja na ufunguo ulikuwa mmoja. Mtihani wa siku chache ndio uliokata shauri. Mtoto mwenye akili aliyekosa majuma matatu ya palizi aliweza kuazima daftari la mwenzake, akasoma usiku kwa taa ya mafuta, na akafaulu mwisho wa mwaka.

HESABU YA SASA

Mtaala mpya ulianza kufundishwa nchini kote mwaka 2019 kwa watoto wadogo. Watoto wa kwanza wa Gredi ya Saba waliingia Sekondari Msingi mwezi wa Januari, 2023. Wakafanya tathmini ya kwanza ya Gredi ya Tisa mwaka 2025. Na wale waliosonga mbele wakaanza Gredi ya Kumi mwezi wa Januari, 2026. Sekondari Msingi, basi, ni miaka mitatu: Gredi ya Saba, ya Nane na ya Tisa. Imewekwa katika viwanja vya shule za msingi, ili mtoto asilazimike kwenda bweni wala kusafiri mbali.

Alama za kumpangia mtoto nafasi katika sekondari ya juu zimegawanywa hivi. Katika kila alama 100, alama 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya Sita. Alama 20 nyingine hutoka katika kazi zinazopimwa shuleni akiwa Gredi ya Saba na ya Nane. Alama 60 zilizobaki hutoka katika mtihani wa mwisho wa Gredi ya Tisa.

Maana yake ni hii: mtoto anapoketi kufanya mtihani wa mwisho, alama 40 katika 100 zimekwisha kuhesabiwa. Haziwezi kuongezwa kwa kusoma usiku mmoja. Zile 20 za Gredi ya Saba na ya Nane hutokana na kazi ambazo Baraza la Mitihani hupeleka shuleni, mwalimu akazipima, na alama zikarudishwa kwa Baraza. Kazi nyingine ni ya kuandika, nyingine ni ya mikono. Daftari huazimwa, lakini kazi ya mikono haiazimwi. Mtoto asiyekuwapo siku ya kupanda kitalu, kupima udongo au kutengeneza kifaa, hana alichokifanya cha kupimwa.

MASOMO TISA

Masomo yalikuwa mengi zaidi hapo mwanzo. Baada ya taarifa ya mwaka 2023 ya kamati iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu, yalipunguzwa yakawa tisa: Kiingereza, Kiswahili, au Lugha ya Ishara ya Kenya kwa wanaoihitaji, Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii, Elimu ya Dini, Kilimo, Sanaa na Michezo, na somo la kumwandaa mtoto kwa ufundi na biashara. Mwalimu ndiye apangaye lipi lifundishwe juma lipi. Mzazi akitaka kujua mtoto amefika wapi, aliulize daftari, kisha amwulize mwalimu.

Katika Hisabati ya Gredi ya Saba mtoto hufundishwa sehemu na desimali, milinganyo, eneo, ujazo, mwendo na wakati, na pia hesabu za fedha: faida, hasara, punguzo na kutuma pesa kwa simu. Hesabu hizi si ngeni kwa mama auzaye mahindi. Gunia la kilo 90 lina gorogoro 45 za kilo mbili. Ikiwa mama amelinunua kwa Sh. 3,600 na kuuza kila gorogoro kwa Sh. 100, atapata Sh. 4,500. Faida yake ni Sh. 900, yaani robo ya fedha alizotoa. Akimlipa mwenye mkokoteni Sh. 100, faida inabaki Sh. 800. Mtoto anayeweza kuifanya hesabu hii na kuieleza ameanza kuielewa Hisabati ya darasa lake.

Katika Sayansi hufundishwa usalama na vyombo vya maabara, michanganyiko na namna ya kuitenga, asidi na besi, mwili wa binadamu, umeme na sumaku. Wakubwa wao wa Gredi ya Tisa hujifunza, pamoja na mengine, jinsi mimea inavyozaana. Somo hilo lina historia yake katika Kitale yenyewe. Ni katika kituo cha utafiti cha Kitale ambapo wataalamu walizalisha mahindi chotara, na mbegu iitwayo 611 ikatolewa kwa wakulima mwaka 1964. Palizi inayowaita vibarua kila Mei ni palizi ya mahindi yaliyotokana na elimu hiyo. Mtoto apaliliaye bila kusoma huyajua mahindi kwa mgongo wake tu. Aliyesoma anaweza siku moja kuwa miongoni mwa wanaoitengeneza mbegu.

Kilimo cha Sekondari Msingi si cha wenye ekari nyingi peke yao. Watoto hufundishwa kuhifadhi udongo na maji, kupanda miti, kutunza mimea, kutengeneza bustani ndogo zinazoning'inia mahali pasipo na nafasi, kupika na kuhifadhi chakula kisipoteze nguvu yake, kushona, na kutengeneza sabuni nyumbani. Bustani ya kuning'inia yafaa hasa mahali kama Kipsongo, ambapo nyumba zimesongamana na ardhi ni chache.

Katika somo la ufundi na biashara hufundishwa usalama mahali pa kazi, kuchora, kompyuta, vifaa vya kupimia na kukatia, tofauti ya vitu vya madini na visivyo vya madini, na jinsi ya kuweka akiba na kuanzisha biashara ndogo.

MZAZI ASIYESOMA ANAWEZA KUSAIDIA

Wazazi wengine husema, "Sikusoma mimi, nitamsaidiaje mtoto wa Gredi ya Saba?" Neno hilo lilikuwa na nguvu zamani, wakati msaada ulikuwa wa kumkaririsha mtoto vitabu. Siku hizi baba aokotaye na kuuza vyuma chakavu hujua kwa macho na kwa uzito shaba ni ipi, bati ni lipi na aluminiamu ni ipi. Hayo ndiyo mtoto anayoulizwa darasani. Bibi aliyechunga mifugo katika nchi kavu anajua namna ya kuyatunza maji na kuikausha nyama isioze. Hayo nayo yamo katika Kilimo. Mtaala wenyewe unawataka walimu watumie vitu vinavyopatikana karibu na shule. Mzazi akiombwa kununua kitu cha bei asiyoiweza, aende kwa mwalimu kwa upole, amwulize kama kuna kitu kingine cha nyumbani kinachoweza kufanya kazi hiyo.

UPUNGUFU UPO

Haifai kuwaficha wazazi ya kwamba kazi bado ina matatizo. Shule nyingi za msingi hazikujengwa zikiwa na maabara. Walimu wa Sekondari Msingi hawakutosha tangu mwanzo, hata mwalimu mmoja akalazimika kufundisha masomo ambayo hakuyasomea chuoni. Serikali ilipanga Sh. 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini fedha za shule zimepata kuchelewa mara kadhaa. Wazazi wana haki ya kuuliza mambo hayo katika mikutano ya shule, na kuuliza kwao ni msaada kwa mwalimu mkuu. Lakini upungufu wa shule haupunguzwi kwa kumtoa mtoto. Darasa lisilo na maabara lingali linampa alama. Shamba la mahindi halimpi hata moja.

YAFAAYO KUFANYWA

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeifanya elimu hii kuwa ya lazima na ya bure. Hata hivyo si sheria peke yake itakayomfikisha mtoto darasani, bali mpango wa nyumbani. Kwanza, kazi ya shamba isiyoepukika ifanywe Jumamosi, au katika likizo ya Agosti. Pili, mzazi amwulize mwalimu mapema ni siku zipi kazi za kupimwa zitafanywa, na siku hizo zilindwe kama siku ya mtihani, maana ndiyo mitihani yenyewe. Tatu, mtoto akikosa kwa ugonjwa au msiba, mwalimu aarifiwe mara moja, asije akadhani mtoto ameacha shule. Nne, majirani wapeane zamu: leo mama huyu awaangalie wadogo wa nyumba mbili, kesho mwenzake, ili dada mkubwa asibaki nyumbani kuwa yaya.

Baada ya Gredi ya Tisa mbele ya mtoto kuna njia tatu: ya sayansi, ufundi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Ipi itakayofunguka, na katika shule gani, hutegemea alama alizozikusanya tangu Gredi ya Sita, kidogo kidogo.

Wazee wa Kiswahili walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mama wa sokoni anajua maana yake kuliko mtu ye yote, kwa kuwa kila siku huitikisa gorogoro ijae sawasawa kabla ya kumpa mnunuzi. Kibaba cha mtoto wa Gredi ya Saba kimekwisha kuwekwa mezani, na muhula huu wa palizi ni konzi moja ya kukijazia.