Haki ya Mtoto Aliye Tumboni

 

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani, uharamu wa ulevi mnaujua, wala sikusudii kuurejea leo. Nakusudia kumtaja mtu ambaye hakunywa wala hakutakwa shauri, naye hudhurika kuliko mnywaji: mtoto aliye tumboni. Kileo anachokunywa mama hupenya kondo la nyuma kikamfikia mtoto, na ini lake changa halina nguvu ya kukiondoa. Mwaka 1968 daktari Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakayapa madhara hayo jina. Hadi leo haikuthibitika kadiri yoyote iliyo salama kwa mjamzito, iwe bia, mvinyo au tembo la mnazi.

Wako watakaosema kuwa hayo ni ya watu wa mbali. Moshi si mbali. Huko walitazamwa maelfu ya wanawake waliojifungua katika hospitali ya KCMC kati ya mwaka 2000 na 2010, na waliokunywa wakati wa mimba hawakuwa wachache. Na Unguja yetu, je? Tembo hugemwa mashamba, gongo hupikwa kwa siri, na bia huuzwa hatua chache kutoka hapa Forodhani. Tofauti yetu na wa Moshi ni kwamba sisi twaficha zaidi.

Na hapo ndipo pana msiba. Mama huenda kliniki akapimwa uzito, damu na presha, na aghalabu suala la kileo haliulizwi, kwani muuguzi huona haya kumwuliza mwanamke aliyejitanda buibui. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2014 kwamba kila mjamzito aulizwe, na katika kila ziara. Suala linaloulizwa wote halimtuhumu mmoja.

Haya hiyo humfuata mtoto. Hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha kuwa mtoto huyu alidhuriwa na kileo. Wachache huwa na alama usoni: macho membamba, mdomo wa juu mwembamba, na kijifereji cha chini ya pua kilichosawazika. Walio wengi hawana alama hizo, na daktari hutegemea kauli ya mama, ambayo haipati. Basi mtoto huenda chuoni, akahifadhi sura leo na kesho ikamtoka, akaonywa na akarudia kosa lile lile. Huitwa mtukutu, akapigwa bakora. Enyi walimu, bakora hairudishi kilichoharibika katika ubongo kabla ya kuzaliwa! Mtoto huyo ataka maneno machache, jambo moja kwa wakati mmoja, na kurudiwa bila ya hasira.

Tumefunzwa kumsitiri Muislamu mwenzetu. Lakini kusitiri ni kufunika siri ya mtu huku ukimsaidia. Kumwacha azame kimya kimya si sitara. Sharia iliyomruhusu mjamzito kufungua Ramadhani akimhofia mwanawe haikuacha shaka juu ya haki ya mtoto huyo.

Tiba nayo ina pengo. Nyumba za kuachia ulevi, zilizoanza kufunguliwa Unguja mwaka 2009, zimepokea zaidi wanaume, tena wa madawa ya kulevya. Mwanamke mwenye mimba ataingia wapi bila ya mtaa mzima kujua? Na aliyezoea kunywa sana asiambiwe tu aache leo akiwa peke yake nyumbani, kwani kukata ghafla huweza kumletea degedege. Aache chini ya uangalizi wa daktari.

Basi wenye mamlaka ya afya waweke suala hilo katika kila kliniki ya wajawazito, na pahala pa faragha pa kujibia. Waume, wengi wenu ndio mnaoingiza chupa nyumbani. Iondoeni kwanza nyinyi. Na bibi au mkunga atakayeambiwa siri hii asiitoe barazani, bali amshike mkono mama huyo ampeleke kwa daktari mapema, kwa kuwa hata mimba ya miezi sita hufaidika kileo kikiachwa.

Wabillahi taufiki.