Tanga na Mombasa: Majirani Wenye Vipato Tofauti

Kenya iliingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2014. Tanzania ikafuata Julai 2020. Huku pwani, pengo hilo la kipato limekuwa likionekana zaidi bandarini. Tanga na Mombasa, kwa njia ya mpaka wa Horohoro, haziachani hata kilomita 200. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, miaka mitatu kabla ya ile ya Mombasa, ila Kilindini, bandari ya Mombasa, ilijaliwa kina. Tanga, kwa miaka mingi, meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, zikionekana kutoka rasi ya Raskazone. Mzigo ulishushwa kwenye matishari, ukakokotwa hadi gatini, ukanyanyuliwa tena: kazi moja, gharama mara mbili. Mkonge nao, uliokuwa tegemeo la mji, ukaporomoka baada ya miaka ya 1960. Uchimbaji wa karibuni bandarini Tanga umefikisha kina cha mita 13, na sasa meli hufunga gatini. Kipato, hata hivyo, hakisemi yote. Kwa makadirio ya Benki ya Dunia, Mtanzania anatarajiwa kuishi miaka mingi zaidi kuliko Mkenya, jirani yake aliye tajiri zaidi.